Mbwa wa jirani anamaliza kuku: banda la usiku halitoshi, jengeni uzio wa mchana (Mbeya, Iringa, Njombe tukutane hapa)

Mama wa Isyesye (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi. Kila nikipita humu nakuta mtu analia kuku wake wameuliwa na mbwa wa jirani, na majibu ni yale yale, jenga banda imara, weka kufuli, mwingine anasema tega sumu. Naomba niandike kwa kirefu maana hili jambo linaniuma. Wanaoumia ni watu wenye kuku kumi, kumi na tano nyuma ya nyumba, kuku ambao ndo ada ya mtoto, ndo nauli ya hospitali, na ndo kitoweo wakwe wakija.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Mabanda yetu huku karibu yote tumeyajenga kwa ajili ya usiku. Tuliwaza vibaka, tukawaza kicheche, tukawaza baridi ya mwezi wa sita na wa saba, basi mabanzi yamebanana, bati juu, kufuli kubwa mlangoni, safi kabisa. Lakini mbwa wa jirani hana habari na usiku, usiku kuku wako ndani. Yeye anakuja saa nne asubuhi, anakuja saa tisa mchana, wakubwa wako kazini au sokoni, kuku wametawanyika wanachakura kwenye migomba, na geti limeachwa wazi na mtoto aliyetumwa dukani. Kwa hiyo unakuta mtu ana banda zuri la kupigiwa mfano na kuku wote wanakufa mchana kweupe hatua tano tu kutoka kwenye mlango wa hilo banda. Usalama wa kuku wa kienyeji na hawa chotara, kuroila na sasso, uko kwenye yale masaa kumi na mawili ya mchana ambayo sisi hatukuyajengea kitu.

Kabla ya yote hakikisha ni mbwa kweli, maana nimeona watu wamenuniana na jirani miezi mingi kumbe mwizi ni nguchiro. Mbwa akiingia anakimbiza, kuku wakiruka na kupiga kelele ndo anazidi kupandisha mori, anamkamata huyu anamtikisa anamwacha anamfuata mwingine, hana hata haja ya kula. Utakuta mizoga imetapakaa uwanja mzima, manyoya kila kona, majeraha yako mgongoni na mapajani, na nyama mara nyingi haijaguswa au imeliwa kidogo. Kicheche na wenzake wanapenda usiku, wanapita kwenye upenyo mdogo sana na wanashambulia shingo na kichwa. Mwewe anabeba kifaranga anapaa nacho, hapo huoni mzoga. Yakipotea mayai peke yake, hata ganda hakuna, fikiria nyoka. Halafu inama uangalie chini ya uzio. Mbwa anachimba kwa miguu ya mbele, udongo unarushwa nyuma unakuwa kama kichuguu kidogo upande wa nje, na kwenye ncha ya waya pale alipojipenyeza unakuta nywele zimenasa, fupi, ngumu, ukizilinganisha na rangi ya mbwa unayemshuku umeshapata jibu. Piga picha hizo nywele, piga picha nyayo kama udongo ulikuwa na unyevunyevu, piga picha mizoga pale pale ilipolala, ndo ufagie. Wengi tunafagia kwanza kwa uchungu, alafu tukienda kwa mjumbe hatuna cha kuonyesha.

Na mbwa aliyeua kuku akaondoka salama atarudi, tena karibu saa ile ile, na anaweza akarudi na wenzake. Kwa hiyo siku hiyo hiyo kuku waliobaki wafungie ndani, walishe ndani, wasitoke mpaka umeziba alipopitia.

Sasa uzio wenyewe. Sisi wa nyanda za juu kusini tuna bahati ya mabanzi. Kuanzia Mafinga na Sao Hill mpaka Makambako, Njombe, na hapa Mbeya, yale mabanzi ya mipaina yanayobaki wakipasua mbao unayapata kwa bei ya chini kuliko waya. Nguzo tafuta za mlingoti, chimbia futi mbili kwenda chini, na ile sehemu inayoingia ardhini paka oili chafu kwa ajili ya mchwa (ile ya chini tu, sio juu ambako kuku watajisugua). Kuanzia ardhini mpaka usawa wa paja gonga mabanzi yamebanana. Sababu ni mbili, kwanza mbwa hawezi kutafuna kirahisi, pili akiwa haoni kuku wakitembeatembea ile tamaa ya kukimbiza inapungua sana. Juu ya mabanzi endeleza waya mpaka mita moja na nusu au zaidi, na kama mbwa ni mkubwa wa miguu mirefu fika mita moja na themanini.

Kuhusu waya naomba mnisikilize vizuri. Ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita, ambao kila duka la vifaa Mwanjelwa wanauuza kama waya wa kuku, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia mbwa asiingie. Mbwa akiurukia mara mbili tatu unalegea, aking'ata jicho moja linakatika na mengine yanafumuka. Uweke juu, ambako mbwa hafiki kwa meno. Chini kama huna mabanzi nunua wavu mgumu wa kuchomelewa, ni ghali ndio, lakini ununue wa sehemu ya chini tu.

Kingine ambacho karibu kila mtu anaruka ni sketi ya waya. Mbwa akikuta uzio hawezi kuuruka wala kuusukuma anaanza kuchimba, na anachimba pale pale uzio unapogusa ardhi, hajui kurudi nyuma hatua moja aanzie mbali. Basi chukua waya upana wa nusu mita, ulaze chini kwa nje kuzunguka uzio wote, upande mmoja umefungwa kwenye mabanzi, upande wa pili umelala tu ardhini, weka mawe juu au tandaza udongo kidogo. Majani yakiota katikati ya matundu baada ya mvua ndo umejishika kabisa hauonekani hata. Mbwa akija kuchimba kucha zinakutana na waya, anajaribu huku anajaribu kule anaacha. Hii ni bora kuliko kuchimba msingi mzima, na hela yake ni kidogo.

Mlango ndo unaangusha wengi. Uzio mzuri, mlango umening'inia kwenye vipande vya tairi, chini kuna nafasi ngumi inapita. Ngumi ikipita, pua ya mbwa inapita, na pua ikipita kichwa kinafuata. Weka kizingiti cha ubao au tofali chini ya mlango. Mlango ufungukie nje, sio ndani, ili mbwa akiusukuma kwa kifua aubane kwenye fremu badala ya kuufungua. Na komeo liwe la kuzungusha au la kusukuma, sio kamba ya kuzungushia msumari.

Ukubwa, ukiweza kila kuku apate mita moja ya mraba ya uwanja, ikizidi ni vizuri zaidi. Kuku waliobanwa wanadonoana mpaka damu. Na wakishakaa ndani ya uzio hawajitafutii tena kama zamani, lazima uongeze chakula, pumba na mashudu ya alizeti na dagaa kidogo, na majani kila siku. Hapa Uyole majani ya nje ya kabichi yanatupwa sokoni, omba, yafunge kamba yaning'inie usawa wa kichwa cha kuku, watashinda wanarukia hayo badala ya kudonoana.

Upande wa jirani nitaandika kwenye posti ya chini maana hii imekuwa ndefu.

Fundi wa Mafinga

Kamwene dada, umeandika vitu vya maana sana. Naongeza la ufundi. Mabanzi mabichi yakikauka yanasinyaa, leo umegonga yamebanana, baada ya jua la mwezi wa tisa na wa kumi unaona mwanga unapita na vifaranga wanatoka. Kwa hiyo ama ununue yaliyokauka, ama uyalalishe yapandane kidogo, hili juu ya lile. Na maganda toa, chini ya maganda ndo wadudu wanakaa na mbao inaoza haraka. Misumari gonga toka nje kwenda ndani ikutane na nguzo, isije ikatokeza upande wa kuku.

Mama wa Isyesye

Asante sana fundi, hilo la kusinyaa ni kweli tupu, watu wazingatie kabla hawajanunua.

Kijana wa Nzovwe

Mimi naona mnazunguka sana wakuu. Nyama kidogo, dawa ya panya, kesi imekwisha. Jirani hafungi mbwa wake miaka na miaka, umeongea naye umechoka, unataka nijenge ukuta wa milioni kwa ajili ya mbwa wa mtu?

Mama wa Isyesye

Mdogo wangu nakuelewa hasira, na umeumizwa kweli. Ila hapa nakuomba kwa dhati usifanye hivo, wala usimshauri mtu.

Kile kipande cha nyama ukishakirusha hukijui tena kitaishia wapi. Kuku wako wenyewe wanadonoa kila kitu, mbwa akitapika uwanjani kwako kuku wanakuja kula yale matapishi. Mtoto anayetambaa naye anaokota. Paka wa nyumba ya tatu, mbwa wa mzee mwingine ambaye hana kosa lolote. Na sumu nyingi watu wanazotumia ni dawa za shambani, hizo hata kuzishika bila glavu ni hatari kwako.

Kisheria nako unajiweka pabaya. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumuua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Yaani leo wewe ndo mwenye haki, wewe ndo unadai kuku zako, ukitega sumu kesho mnabadilishana viti, yeye anakuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa. Na mtaani mtaishi vipi, msiba ukitokea kwako nani atakuja kukushika mkono?

Sasa kuhusu jirani kama nilivoahidi. Usiende siku ile ile damu ikiwa bado inachemka, na usiende mikono mitupu. Nenda jioni ametulia, salimia vizuri, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, uliza hali ya nyumbani, alafu toa simu muonyeshe picha. Sema jirani, mbwa wetu wa hapa ameingia kwangu, hawa ndo kuku waliokufa, naomba tusaidiane. Watu wengi wanakataa kwa sababu hawajui, wao wakitoka asubuhi mbwa amelala mlangoni na wakirudi jioni wanamkuta amelala mlangoni, hawajui huku katikati alikuwa wapi. Picha ya nywele kwenye waya inasaidia hapo.

Na usiende na lawama peke yake, nenda na pendekezo. Lililofanya kazi kwa wengi ni la kugawana saa. Mchana mbwa afungwe, kuku watembee. Jioni kuku wakishaingia bandani, mbwa afunguliwe alinde nyumba zote mbili. Jirani anayefuga mbwa anamfugia wezi wa usiku, mchana hana kazi naye, kwa hiyo hapo hapotezi chochote na wewe unapata mchana wako. Mkikubaliana semeni na saa kabisa, sio "tutajitahidi".

Wa Kihesa, Iringa

Mimi niko upande wa pili, nina mbwa wawili na niliwahi kuletewa kuku aliyekufa mlangoni kwangu. Nashukuru huyu mama hajatutukana wenye mbwa.

Naomba niseme kitu kwa wenzangu. Kumfunga mbwa haina maana umfunge na mnyororo wa mita moja kwenye mti juani asubuhi mpaka jioni, huyo atakuwa mkali na siku akikatika ndo balaa. Mimi nimefunga waya mnene toka kona ya nyumba mpaka kwenye mti, umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, mnyororo una pete inayoteleza kwenye huo waya, mbwa anatembea urefu wote wa uwanja, ana kibanda chenye kivuli na maji. Hawabweki hovyo na hawana stress. Pia mbwa mwenye njaa ndo anazurura, ukimpa chakula asubuhi kabla hujatoka analala. Na dume ambaye hajahasiwa atafuata majike hata mitaa mitatu, nimemhasi mmoja kupitia daktari wa mifugo kuzurura kumepungua sana.

Swali langu, inawezekana kumfundisha mbwa aache kuku?

Mama wa Isyesye

Asante sana, na hiyo ya waya wa kuteleza wenye mbwa wote wangeiga.

Kumfundisha inawezekana, rahisi zaidi akiwa bado mtoto. Mbwa aliyekulia na kuku toka ananyonya anawaona ni watu wa nyumbani. Mkubwa unamfunga kamba, unamkalisha mbali na kuku, akitulia unampa kitu kitamu, akikaza macho na kuinua masikio unasema neno moja la kukataza, lile lile kila siku, unamgeuza. Taratibu unasogea. Ila hata akionekana ameelewa usimwache peke yake na kuku, maana kuku mmoja akikurupuka na kukimbia, ile asili ya kukimbiza inarudi. Na anaweza akawaheshimu kuku wa kwenu na akaenda kuua wa jirani, kwake hao ni wageni.

Mdau Makambako

Huku kwetu wazee wanasema mfungie mbwa kuku aliyemuua shingoni mpaka aoze, anaacha kabisa. Na kuna wanaosema yule kuku aliyeng'atwa unamchinja haraka kabla hajafa unamla, je ni salama?

Mama wa Isyesye

La shingoni naomba tuliache. Mbwa haunganishi ule mzoga wa siku ya tatu na kosa la juzi, anachopata ni funza, vidonda na harufu, na nyumba nzima inateseka. Wengine wanazoea kabisa wanaanza kuutafuna.

La pili, kuku aliyekufa mdomoni mwa mbwa ni kibudu, kwa Waislamu na kwa Wakristo wengi pia haliwi, hapo hakuna mjadala. Aliye hai bado lakini ameraruliwa, mimi nasema usile. Mbwa anayezurura hujui kama amechanjwa, na kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate. Anayemnyonyoa na kumpasua yule kuku ana mikwaruzo mikononi, mate yako pale kwenye jeraha la kuku. Usishike mizoga kwa mikono mitupu, vaa glavu au hata mifuko ya nailoni, chimba shimo refu uzike, usitupe jalalani maana unamfundisha yule mbwa kwamba kwako kuna chakula.

Na mtu yeyote akiumwa au akikwaruzwa na mbwa akijaribu kuokoa kuku, hili ni kubwa kuliko kuku wote: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, alafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri uone kama mbwa atakufa. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ila chanjo ukiiwahi na ukamaliza dozi zote inakukinga usiugue. Mbwa anayetoa mate mengi, taya limelegea, anayumba, anauma hata miti, usimfukuze kwa fimbo, ingiza watoto ndani piga simu kwa afisa mifugo wa kata. Mbwa wanatakiwa wachanjwe kila mwaka, na tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi kunakuwa na chanjo za bure karibu na siku hiyo, muulizeni afisa mifugo mapema.

Mfugaji wa Tukuyu

Ndaga sana mama. Sisi huku Rungwe uwanja ni shamba, migomba na chai mpaka bondeni, kuzungushia uzio haiwezekani, na mvua inaozesha mbao kabla hujamaliza kulipa deni. Tufanyeje?

Mama wa Isyesye

Ndaga ndugu yangu. Kama huwezi kufunga eneo, funga saa. Kuku wengi wanataga asubuhi, kwa hiyo wakae bandani mpaka mchana, wape chakula humo, mayai utayaokota ndani badala ya kuyatafuta kwenye majani ya migomba. Wafungulie kuanzia saa tisa au saa kumi ukiwa umerudi shamba na upo pale pale unafanya kazi zako. Wao wenyewe giza likianza wanarudi. Masaa mawili matatu ya kuchakura yanatosha kuwapa wadudu na majani, na hatari unakuwa umeikata sehemu kubwa.

Pia fuga kanga wawili watatu pamoja nao. Kanga akiona mbwa, mwewe, mtu mgeni, anapiga kelele mpaka ng'ambo ya mto wanasikia. Hazuii mbwa ila anakuita. Na uwape kuku mahali pa kukimbilia, panda vichaka vya michongoma au weka chaga za miti iliyoinuka, kuku wa kienyeji ni mwepesi, akiwa na pa kurukia anajiokoa. Hao wazito, kuroila na sasso wakubwa, hawarukii mbali, hao usiwaachie kabisa.

Mwenye vifaranga, mama yao mfunike na tenga kubwa mchana wiki za mwanzo, tenga liwe na jiwe juu. Kwa ajili ya mwewe na kunguru unaweza kutandaza juu ya uwanja nyavu chakavu za wavuvi, ukipata mtu anayetoka Kyela akuletee, bei ni ya maelewano. Ila nyavu hizo ni za angani tu, pembeni mbwa anazipasua.

Dada wa Ilomba

Mama mwenye uzi naomba msaada haraka, wa kwangu mmoja kapona ila mgongo umechanika ngozi inaonekana nyekundu, hali chakula. Na jirani nimeshamfuata mara kibao anasema mbwa wake hatoki.

Mama wa Isyesye

Pole sana mdogo wangu. Anza na kuku. Vaa glavu, mtenge peke yake kwenye boksi lenye maranda makavu, mahali pa giza kidogo na joto, maana mshtuko unaua kuku hata jeraha likiwa dogo na baridi ya usiku huku inamaliza. Punguza manyoya kuzunguka kidonda kwa mkasi, osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, kausha, paka ayodini au jivii (GV, ile dawa ya maji ya vidonda). Ile rangi ya zambarau ya jivii ina faida nyingine, inaficha wekundu, kuku wenzake wakiona wekundu wanadonoa. Nzi wasitue, funza wanaingia haraka sana. Maji yawe karibu na mdomo. Kama jeraha limefika ndani ya nyama au ananuka, muite afisa mifugo, dawa za vidonge usimpe kwa kubahatisha. Na wale wazima usishangae wakiacha kutaga kwa muda, ni hofu, watarudi.

Kuhusu jirani, kama umeshaongea na picha umeonyesha, usiende tena peke yako. Nenda kwa mjumbe, awaite wote wawili, yaandikwe. Isipofaa, mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji, na baraza la kata lipo kwa ajili ya kusuluhisha mambo kama haya. Beba daftari lenye tarehe, saa, kuku wangapi, nani aliona. Afisa mifugo akija akaangalia majeraha, maneno yake yana uzito kuliko yako na ya jirani. Na waulize ofisi ya kata sheria ndogo za halmashauri zinasemaje kuhusu mbwa kuzurura, waombe wakuonyeshe kifungu chenyewe.

Kwenye fidia msikubali kulipwa bei ya nyama. Mtetea wa kienyeji anataga mizunguko kama mitatu kwa mwaka, kila mzunguko mayai 10 mpaka 15, anaatamia siku 21 na kulea. Huyo akifa umepoteza yeye na vifaranga vya mwaka mzima, na kama alikuwa na vifaranga vya wiki moja navyo vitakufa kwa baridi. Eleza hivo mbele ya mjumbe, kwa hesabu ya kawaida, bila ukali. Kuna wanaomaliza kwa jirani kununua mabanzi na kusaidia kujenga uzio, na kwa maoni yangu hiyo ni fidia bora kuliko hela, maana hela inaisha, mbwa bado yupo.

Wa Kihesa, Iringa

Swali la mwisho, uzio wa mita moja na nusu, mbona kuku wangu wenyewe wanaruka wanaenda kwa watu? Wakiruka si ndo wanamfuata mbwa kwake?

Mama wa Isyesye

Ndio, na wakiuliwa ndani ya uwanja wa mwenye mbwa huna pa kusimamia. Punguza bawa. Mkamate usiku akiwa ametulia, kunjua bawa moja tu, sio yote mawili, kata yale manyoya marefu kumi ya mwisho yanayofichika chini ya mengine akilikunja, yaache nusu. Akiruka anapoteza mizani anarudi chini. Haumi, ni kama kucha. Angalia tu shina la unyoya kabla ya kukata, likiwa na weusi au damu ndani bado linakua, liache mpaka liwe jeupe. Akinyonyoka na kuota mapya utakata tena. Na usimkate kuku unayemwachia nje bila uzio, huyo bawa ndo mguu wake wa kukimbilia. Vichanja vya kulalia pia visiwe karibu na uzio, wanavitumia kama ngazi.

Dada wa Ilomba ukimaliza kumpaka tujulishe kama amekunywa maji, na kama una mabanzi ya kuanzia nitumie vipimo vya uwanja hapa hapa tukusaidie na fundi wa Mafinga kupiga hesabu ya nguzo.